Ndengu Zilizoota Ndani ya Nyumba

Kwetu mvua haisemwi vibaya. Nguo zako zikilowa kwenye kamba, unanyamaza. Gari likikwama kwenye matope, unashuka, unavua viatu, unasema asante Mungu, kisha unaanza kusukuma. Nikiwa mdogo nilisimama mlangoni siku moja nikasema mvua hii ni mbaya, imenizuia kwenda kucheza. Mama yangu, ambaye namwita mwaitu kama Wakamba wengine wanavyowaita mama zao, aliacha mwiko ndani ya sufuria akaja kunizaba kofi ambalo mpaka leo naweza kukuonyesha lilipotua. Halafu akavua kitambaa cha kichwa, akatoka nje, akasimama uani kichwa wazi huku akilowa, akaiomba mvua msamaha kwa niaba yangu.

Nimekua hivyo, na umri huu nilionao siwezi kubadilika. Watu wa sehemu nyingine wanaweza kuichoka mvua. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Kwa hiyo haya nitakayoyasema si juu ya mvua. Mvua naiheshimu. Hasira yangu ni ya watu.

Mji wenyewe siutaji. Uko Makueni, si mbali na Mukuyuni, na najua watu wa kila soko la upande ule lenye gorofa mbili na stendi ya bodaboda watadhani ninawasema wao. Wacha wadhani.

Mji huo umekaa chini ya kilima. Ukisimama stendi ukainua macho, unakiona kilima chote, na zamani ulikuwa ukiona ngazi: tuta juu ya tuta, kutoka barabarani mpaka karibu na kilele, na nyasi zimepandwa kwenye ukingo wa kila tuta. Ni matuta ya fanya juu, yale ambayo unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu. Yalichimbwa na mwethya. Mwethya ni kazi ya pamoja; leo kundi liko kwangu, wiki ijayo liko kwako, na anayekosa kuja bila sababu hasahauliki upesi. Wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa Nairobi na Mombasa. Mimi nilikuwa napeleka uji. Namkumbuka mwaitu akiwa ndani ya mtaro unaomfika kiunoni, amefunga leso kifuani, anarusha udongo juu huku anaimba, na upande wake wa kushoto mama mwingine, rafiki yake, anaitikia. Mkumbuke mama huyo. Mtoto wake tutakutana naye mbele.

Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanalala kwenye mitaro ile. Unapita kesho yake na bado yapo, yanazama taratibu, vyura wanapiga kelele. Yale yaliyozidi yalipokelewa na tuta la chini, na yaliyozidi tena yakaingia korongoni, yakazama kwenye mchanga. Sokoni barabara ilikuwa inalowa tu. Hakuna mtu aliyewahi kusema matuta yale yanalinda soko. Tulidhani yanalinda mahindi.

Hilo ndilo kosa letu, na nadhani ni kosa ambalo linaweza kufanywa na watu wa nchi kavu peke yao. Mtu wa nchi kavu akiona maji, wazo lake la kwanza ni ayapate. Hajiulizi kamwe kama maji yanaweza kumpata yeye.

Baba alipofariki, ndugu yake aliuza sehemu yetu ya kilimani. Ni habari ndefu ya ukoo na siifungui hapa. Mwaitu mwenyewe alishasamehe. Alibaki na nyumba ya vyumba viwili mtaa wa chini, karibu na korongo, na kashamba ng'ambo ya korongo hilo. Aliyenunua kilima ni yule mtoto wa rafiki yake. Sasa ni mzee wa miaka sitini na kitu, mfanyabiashara, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu, mtu mwenye sauti nzuri ya kuombea wagonjwa. Simwiti mwizi. Alinunua kwa haki na alikuwa akimpelekea mwaitu sukari kila Krismasi. Lakini alileta trekta.

Trekta lilisukuma udongo wa matuta ukarudi mitaroni. Kazi ya wanawake wale wote, miaka yote ile, ilifukiwa kabla maembe ya msimu huo hayajaisha sokoni. Zikapanda nyumba za kupangisha, safu juu ya safu, mabati yanang'aa mpaka unafumba macho. Sehemu moja aliitoa kwa kanisa, bure, na tukampigia makofi. Mchanga wa kujengea ulitolewa korongoni. Malori yalikuwa yanashuka tupu na kupanda yameinama, mpaka korongo likabaki mwamba mtupu na udongo mgumu, hakuna tena mahali pa maji kuzama wala pa wanawake kuchimba visima vya mchanga wakati wa kiangazi. Halafu, kwa kuwa korongo lenyewe lilikuwa kavu siku nyingi, watu wakaanza kuuziana ploti ndani yake. Sisemi kando yake. Ndani. Ukiwaambia huu ni mto, walikuwa wanakuangalia kama mgonjwa. Mto gani hauna maji miaka yote hii?

Baadaye ikaja kabro, yale matofali ya simenti ya kutandika chini. Uwanja wa kanisa ulikuwa wa vumbi, na mwenyekiti alisema ni aibu maharusi kupigwa picha kwenye vumbi. Ikafanywa harambee. Mwaitu alitoa jogoo wake, yule mwekundu aliyekuwa akimwamsha, na jogoo akapigwa mnada, akashangiliwa, akanunuliwa, akarudishwa kwa kanisa, akapigwa mnada tena. Kabro ikawekwa kutoka mlango wa kanisa mpaka kwenye geti, na kutoka geti mpaka kwenye barabara ya nyumba za kupangisha. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Ukitembea na viatu vya visigino unajisikia uko Nairobi.

Na mvua ikaacha kuja.

Siku hizi kila mtu ana maneno ya kueleza jambo hili. Sisi tulikuwa na macho tu. Zamani mvua ya vuli ilianza kwa adabu. Inalowesha vumbi jioni moja, inakwenda, inarudi, na wewe umeshapanda kwenye udongo mkavu kwa sababu unaijua. Sasa mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya kilima, watu wanatoa majembe, upepo unavuma, mawingu yanaondoka, majembe yanarudi ndani. Msimu wa kwanza ukapita hivyo. Wa pili ndengu ziliota, zikafika kifundoni, zikaungua. Kwa mume wangu, upande wa Tseikuru, ng'ombe walikuwa wanainuliwa kwa mikono asubuhi ili waweze kusimama. Mimi nashona nguo Kitui mjini, na hata kwenye cherehani niliona njaa: watu walikuwa wakileta nguo za kupunguzwa, hakuna mtu aliyeleta kitambaa kipya.

Mwaitu alikuwa na gunia la ndengu chini ya kitanda. Mbegu. Ndengu ndogo, za kijani kilichofifia, zisizopendeza macho, ambazo alipewa na mama mkwe wake alipoolewa na ambazo huiva haraka kabla jua halijaamua vingine. Kila msimu alikuwa anachagua zilizo bora, anazichanganya na majivu, anazifunga. Zile za msimu ulioungua hakuvuna kitu, kwa hiyo gunia lile lilikuwa la mwisho. Nilimkuta siku moja anakula ugali kwa chumvi.

"Mwaitu, si upike hizo ndengu?" nilimwambia. "Unalala juu ya chakula."

"Hiyo si chakula," akasema. "Hiyo ni shamba."

Niligombana naye. Nilimwambia dukani kuna mbegu nzuri kwenye pakiti. Akaniuliza kama hizo za pakiti nilishawahi kuziona zikivumilia kashamba kake. Alishajaribu, na niliona zilivyokauka.

Wakati huo kanisa lilikuwa likifunga na kuomba mvua. Nilihudhuria mara kadhaa nikija kumtembelea. Wanawake walipiga magoti nje, juu ya kabro, na kwa vile kabro ilikuwa inachoma kama jiko, kila mmoja alikuja na leso ya kukunja chini ya magoti. Mwenyekiti aliongoza maombi kwa machozi ya kweli. Baba, fungua madirisha ya mbinguni. Usibakishe, Baba. Leta yote. Sote tukasema amina.

Basi yakaja yote.

Redio ilikuwa imetangaza, kwa hiyo nilifunga duka langu Kitui nikaja kumsaidia kupanda. Nilifika mchana, sijakunywa hata chai, tone la kwanza likaanguka kwenye mabati. Mtaa mzima ulitoka nje. Watu wazima walinyoosha mikono, wengine walilia. Kila mahali unasikia ni muvea, ni muvea, ndiyo asante yetu. Mwaitu alivua kitambaa chake akasimama kichwa wazi, mwembamba, anacheka na meno yake machache. Nilifurahi mpaka nikaona haya kwa furaha yangu.

Halafu ikazidi. Haikuwa tena matone. Ni kama mtu amepindua karai. Sijawahi kuona mvua ya namna ile kwetu, na hilo nakubali, kwamba mvua yenyewe imegeuka. Ikikosekana inakosekana kabisa, ikija inataka kulipa deni lote mchana mmoja. Tulirudi ndani. Mwaitu akaketi kitandani, akaniambia asubuhi tuamke mapema, udongo utakuwa umekubali jembe.

Tulisikia kabla ya kuona. Sauti ilitoka juu, upande wa kanisa. Nilifungua mlango nikaona barabara inashuka. Sina njia nyingine ya kusema. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamejaa kutoka ukuta hadi ukuta, yakiwa na chupa, kandambili, matawi, na mbele kabisa, kama mgeni rasmi, kiti cha plastiki chenye herufi za kanisa letu mgongoni. Kiti hicho kiliingia kwa mwaitu bila kubisha.

Jirani yake ni mama mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mwanamke anayenicheka Kiswahili changu kila nikifungua mdomo. Duka lake lilikuwa linaingia maji vilevile, unga na sukari vinayeyuka kwenye rafu za chini, lakini aliviacha akaja kwetu akikata maji kwa magoti. Ndani, mwaitu alikuwa ameinama, mikono imezama mpaka begani, anavuta gunia kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limelowa na limekuwa zito. Alilivuta mara ya kwanza, ya pili, maji yakafika kwenye godoro.

"Liache gunia, bibi!" mama wa duka akapaza sauti. "Nipe mkono wako!"

"Nisaidieni kuinua," mwaitu akasema. "Nisaidieni kwanza."

Tulimshika huku na huku tukamtoa. Alikuwa anatazama nyuma. Tulimpandisha kwenye ngazi za nje za duka, tukasimama hapo watatu, tumeshikana, tukitazama mlango wake ukimeza mji. Mama wa duka, ambaye hakuzabwa kofi na mama yangu, alisema kile ambacho mimi sikuweza. "Mvua ni ya Mungu, sawa," akasema. "Lakini hayo maji yameelekezwa."

Maji ya mjini hayakai. Kabla jua halijatua yalikuwa yamekwisha kupita, yameacha tope mpaka juu ya magoti, na mtaa wa juu haukuwa na tope, watu wanatembea huko na viatu visafi. Tulilichimba gunia kutoka kwenye tope. Tuliziosha ndengu, tukazianika juu ya mabati, juu ya leso, juu ya meza ya duka la jirani. Jua lilikataa kutoka. Manyunyu yaliendelea, na kesho yake kila mbegu ilikuwa imepasuka na kutoa kamkia keupe.

Nilimwambia mwaitu twende tukazipande hivyo hivyo, kabla hazijaoza. Tulifika ukingoni tukakuta korongo limekuwa mto wa kweli, umevunja nyumba zilizojengwa ndani yake, na hakuna njia ya kuvuka. Ng'ambo tuliona kashamba kake. Udongo wa juu ulikuwa umekwenda, limebaki jiwe na mizizi ya mkwaju. Tulirudi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha kanisa, beseni la ndengu miguuni.

"Zimeota," akasema. "Zilifikiria zimefika shamba."

Alikuja afisa mmoja, amevaa buti mpya. Alipiga picha mlango, akapiga picha godoro, akampiga picha mwaitu bila kumwomba. Nikamuuliza maji haya yatafanywa nini. Akasema, "Hii ni tabianchi, mama. Climate change. Dunia nzima iko hivi." Akapanda gari lake.

Nilikasirika. Si kwa sababu alidanganya. Hakudanganya, hata mimi nimekuambia mvua imegeuka. Lakini nilijua nimesikia jibu la namna hii mahali pengine. Ndivyo watu wetu wanavyosema ni mapenzi ya Mungu wakitaka mazungumzo yaishe. Mvua imegeuka, haya, imegeuka. Si ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuacha matuta mahali pake? Mtu akiambiwa mgeni anayekuja safari hii ni mkali, anafunga mlango au anaung'oa?

Nikapanda kilimani kumtafuta mwenyekiti. Nilimkuta uwanjani pa kanisa, mikono nyuma, anaikagua kabro. Ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Alinisalimia kwa upendo, akaniuliza habari za Kitui, kisha hakuweza kujizuia.

"Umeona hii kabro, dada? Mvua yote hiyo, na hata tone haikusimama hapa. Maji yote ilienda."

"Ilienda wapi?"

"Ilienda chini."

"Chini ni kwa mwaitu."

Nilimwonyesha kwa mkono: mabati yale yote, mifereji ya mabati ikimwaga kwenye kabro, kabro ikimwaga kwenye barabara, barabara ikishuka moja kwa moja. Kulikuwa na tangi moja tu la kanisa, na lilikuwa limejaa na kufurika kabla watu hawajamaliza kusema asante. Nikamuuliza kwa nini alifukia matuta.

"Matuta ni ya shamba," akasema, na alikuwa anashangaa kweli. "Hapa si shamba tena. Hapa ni town. Umewahi kuona town iko na matuta?"

"Na maji yatalala wapi?"

"Dada, wacha hiyo maneno. Tumefunga, tumelia, tumeomba. Sasa Mungu ametupea mvua, na wewe unakuja kulalamika? Utafungia watu mvua." Akashusha sauti. "Mwaitu ndiye alitufunza hivyo. Hata mimi alinichapa."

Alikuwa amechukua kofi langu mwenyewe akanipiga nalo. Niligeuka nikashuka, na nilipofika chini nilikuwa nalia kwa hasira, ile hasira ambayo ukiwa nayo huwezi kutia uzi kwenye sindano. Kesho yake akaleta godoro jipya kwa mwaitu, bado liko kwenye nailoni yake. Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kwangu. Mtu anakumwagia maji kitandani na anakuletea godoro, na mara zote mbili moyo wake ni safi.

Jumapili ilikuwa ibada ya shukrani ya mvua. Niliapa sitakwenda. Mwaitu aliamka, akaoga, akavaa gauni lake la umoja wa wanawake ambalo tulikuwa tumelifua mara tatu na bado lilikuwa na alama ya tope kwenye pindo, akafunga kitambaa cheupe. Akaniambia nimtwike beseni.

"Unapeleka wapi?"

"Sadaka."

Ndengu zilikuwa zimeanza kunuka. Mikia ilikuwa imekuwa mirefu, imeshikana, mingine imegeuka kahawia. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akafunika beseni na leso, tukapanda kilima.

Wakati wa sadaka watu walipeleka mayai, maziwa, mkate, kuku. Walipita mbele wakiimba. Mwaitu alipita kwa zamu yake na kuweka beseni mezani, karibu na keki ya mtu. Pasta wetu ni kijana mpole, hana muda mrefu hapa. Alifunua leso, akarudi nyuma kidogo.

"Mwaitu, hii ni nini?"

"Ni ndengu."

"Naona zimeharibika."

"Hazijaharibika. Zimeota. Mvua ilizikuta ndani ya nyumba."

Nyimbo zilikuwa zimekufa. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa ushuhuda pia, pasta, sijui kwa kutojua la kufanya au kwa hekima, alimpa kipaza sauti. Mwaitu alikishika mbali na mdomo, kana kwamba kitamuuma.

"Mimi sina neno na mvua," akasema. "Mvua, asante. Nilikuona ukianza. Ulikuja na heshima. Ulipofika kwangu ulikuwa na hasira. Nauliza tu, ni nani alikuudhi njiani."

Mwenyekiti alisimama kutoka kiti cha mbele, akasema kwa upole kwamba jambo hilo tutaliongea kwenye kamati, na kwamba mzee mmoja atoe beseni nje kwa sababu ya harufu. Mwaitu akasema hakuna haja, atalitoa mwenyewe. Alilinyanyua. Nikamfuata, akina mama wa viti vya mbele wakanifuata, na mwisho kanisa lote lilikuwa mlangoni na madirishani.

Alikwenda mpaka katikati ya uwanja. Akapiga magoti kwenye kabro, bila leso, akachukua konzi ya ndengu, akaanza kutafuta. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kila mstari kati ya tofali na tofali. Simenti. Mstari mwingine. Simenti. Alifanya kazi hiyo bila haraka, kama mtu anayepanda.

Mwenyekiti alikuja akasimama mbele yake. "Mwaitu, inuka tafadhali. Watu wanaangalia."

"Kijana yangu," akasema, na hakuinua macho. "Mimi na mama yako tulichimba hapa. Hapa hapa. Yeye alikuwa upande huu. Nionyeshe mahali, hata ya mbegu moja."

Nilitarajia atakasirika. Nilitaka akasirike, maana nilikuwa nimebeba majibu tangu siku ile. Lakini yeye alitazama chini. Alitazama kushoto kwake, akatazama mpaka getini, kwa makini, na nikaona anatafuta kweli, mtu mzima mwenye suti, anatafuta udongo kwenye uwanja alioujenga mwenyewe. Hakuupata.

Tone likaanguka. Likaacha alama nyeusi kwenye kabro, kisha la pili karibu yake, kisha mengi. Sasa ndipo watu wa kwetu husema ni muvea. Nilisubiri kuisikia. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wengi wao wana nyumba mtaa wa chini, na hakuna aliyesema. Walikuwa wanatazama miguu yao, na maji yaliyokuwa yameanza kukusanyika hapo na kutafuta mteremko. Yalizipata ndengu za mwaitu, yakaziinua chache chache, yakaanza kuzipeleka getini, kwenye barabara ya kushuka.

Mwaitu alizitazama zikienda. Halafu akavua kitambaa chake cheupe, akasimama kichwa wazi, akaiomba mvua msamaha. Safari hii hakuwa anaomba kwa niaba yangu.